Kipaa cha Mbele Mabati, cha Nyuma Makuti

Mimi chuoni nilisoma nikahitimu juzuu ya Amma. Skuli ya serikali niliingia kwa mlango nikatokea dirishani, wala sikurudi. Kwa hivyo anayetafuta maneno ya kupambwa asiyatafute hapa. Nataka kueleza jinsi nyumba ya marehemu baba yetu ilivyotengenezwa ikauzwa, katika ile miaka ya hamsini, kwa kuwa mpaka leo wako watu Msambweni wanaolieleza jambo hili kwa kucheka, na wanalieleza vibaya.

Nyumba ilikuwa pembeni mwa njia ya magari. Baba aliijenga kwa mikono yake kabla ya vita: mawe ya pwani, udongo mwekundu, boriti za mikoko. Vyumba viwili mbele, viwili nyuma, ukumbi katikati unaopita moja kwa moja kutoka barazani mpaka uani. Uani pana jiko, choo na minazi ya mama. Mama alitangulia zamani. Baba alipokufa tukabaki wawili, mimi na dada yangu mkubwa.

Dada alikuwa amerudi kwa baba na talaka yake mkononi. Alimuuguza mzee mpaka mwisho, kisha akabaki katika nyumba ile peke yake. Mimi nilikuwa Mombasa, mchukuzi bandarini. Miaka kadhaa sikuitazama nyumba. Nilikuwa nikija Idi, nakula, naondoka. Safari moja nilipokuja nikalala chumba cha baba, asubuhi nikaamka nikaona mbingu. Mchwa walikuwa wamekula miguu ya nguzo, ukuta wa mbele umefanya tumbo kama mtu aliyeshiba ubwabwa, na kuku wa jirani ametaga penye sanduku la baba. Dada alikuwa amehamia chumba kimoja cha nyuma, kwa sababu kile ndicho kilichokuwa hakivuji. Hapo alikaa akisuka makuti ya kuuza. Hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yake.

Nikamwambia, "Dada, nyumba hii tuiuze."

Hakuinua macho. Alikuwa na kuti mapajani, vidole vinakwenda. "Uiuze upate nini?"

"Nimechoka kubeba mizigo ya watu kwa mgongo. Nataka mkokoteni wangu mwenyewe. Mtu mwenye mkokoteni ni bwana."

"Na mimi?"

"Wewe una fungu lako. Sheria ni sheria, mimi mafungu mawili, wewe moja."

Akavuta ukindu, akakaza fundo, akaukata kwa meno. "Haya, uza. Lakini sikiliza, mdogo wangu. Fungu langu linitie ndani ya nyumba. Lisinitie ndani ya kibindo. Pesa za kibindoni huliwa, kisha nikaenda kulala mlangoni kwa binamu zetu, niambiwe nifue nguo za watoto wao. Mimi nataka mlango ninaoufunga mwenyewe."

Nikamwambia, "Umepata." Nilisema hivyo nikiwa na nia safi, na asiyeamini na asiamini.

Basi nikapita kutafuta mnunuzi. Wa kwanza alikuja akaizunguka, akagonga ukuta kwa fimbo, akataja bei ambayo sitaitaja kwa kumsitiri. Nikamwambia, "Bwana, hiyo ni bei ya mawe." Akasema, "Na mimi ndiyo ninayoyaona." Nilitaka kumtoa kwa kibao. Lakini alipokwenda zake nikaitazama nyumba vizuri, nikaona kuwa hakusema uwongo. Kwa bei ile fungu la dada lisingemnunulia hata banda la mbuzi. Ilikuwa lazima nyumba itengenezwe kwanza, na mfuko wangu ulikuwa mwembamba.

Bahati ilinifuata bandarini. Bohari moja kuukuu lilikuwa likivunjwa, na msimamizi akawaruhusu wachukuzi wanunue mabati yake kwa bei ya kutupa. Yalikuwa na matundu ya misumari na maandishi makubwa ya kizungu yaliyopakwa rangi nyeupe. Mimi nikaona ni mabati, maandishi si shughuli yangu. Nikayavusha Likoni kwa feri, nikabembeleza utingo wa basi mpaka yakapanda juu ya paa, na njia nzima nikawa nasikia yanavyogongana, nafurahi. Siku zile Msambweni nyumba ya mabati ilionekana kutoka mbali, na mwenye nayo aliamkiwa kwanza.

Fundi niliyempata alikuwa mtu wa bara ya Kwale, mwembamba, mwenye maneno. Alisimama uani akalitazama rundo la mabati, akaitazama nyumba, akarudi akalitazama rundo.

"Haya hayafiki," akasema.

"Hayafiki wapi?"

"Yatapanda kipaa cha mbele mpaka kwenye mwamba, pale juu kabisa mti ulipolala. Pale yatasimama. Kipaa cha nyuma hakina kitu."

"Basi yasimame. Mnunuzi hupita njiani, hapiti uani."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Bwana, nyumba si mtu wa kupigwa picha!"

"Wewe ezeka. Kupiga picha niachie mimi."

Dada alikuwa akisikia kutoka jikoni. Akatoka akasema, "Nyuma nitaezeka kwa makuti yangu. Chumba changu kiko huko. Wala mabati siyataki, jua likiyapiga mtu huiva kama muhogo."

Ikawa hivyo. Fundi alikata miguu ya nguzo zilizoliwa na mchwa akaziwekea mawe chini, akanyoosha ule ukuta wenye tumbo kwa magogo ya kuegemeza. Mimi na dada tukakanyaga udongo kwa miguu, tukakandika kuta zote za mbele. Chokaa nilichoma mwenyewe. Maji ya bahari yalipotoka nilikwenda kuokota matumbawe, nikayapanga juu ya magogo ya mnazi, nikatia moto, jirani wote wakafunga madirisha kwa moshi. Lakini na chokaa nayo ikawa kidogo. Ikapaka mbele yote, ikapinda pembe hatua chache, ikaishia ukutani kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.

Matundu ya misumari niliyaziba kwa lami, moja moja. Hapo juu nilikaa kutwa, kichwa kinachemka, na kila apitaye njiani akanipungia mkono. Sitasema uwongo, nilijiona mfalme.

Upande wa nyuma dada alitoa makuti yake na fundi akayafunga, yeye akiwa chini anaangalia kila safu. "Hiyo umeibana mno, haitapumua." "Hiyo ifungue." Pale juu, mabati yalipokutana na makuti, fundi hakujua afanye nini, maji yangeingia. Dada akasuka makuti mazito ya mara mbili, yakalazwa yakaukumbatia mwamba, yakashuka kidogo juu ya mabati. Ukisimama kando ya nyumba uliona mstari wazi kabisa. Huku chuma, huku nywele.

Barazani kwetu walikuwa wakikaa wazee tangu siku za baba. Mmoja wao, jirani yetu, alikuwa na ulimi usiokuwa na Ijumaa ya kupumzika. Siku tuliyomaliza alisimama katikati ya njia, mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia kutoka juu.

"Marahaba. Hebu niambie, mwanangu. Kinyozi aliyeinyoa nyumba hii alikimbizwa na nani? Mbele amenyoa, nyuma ameacha nywele!"

Wenziwe wakaangua kicheko. Mwalimu wa skuli aliyekuwa akipita kwa baisikeli naye akasimama, akageuza kichwa akisoma yale maandishi, maana nilikuwa nimeyapigilia juu chini. Akasema, "Imeandikwa hapa: marufuku kuvuta sigara." Wazee wakazidi kucheka, na yule jirani akatoa sigara yake hapo hapo akaiwasha. Tangu siku hiyo walivuta sigara zao chini ya marufuku yangu mpaka wengine wakafa.

Nawaambia wanaocheka: nyumba ile, ukitokea njiani, ilikuwa haina mfano. Nyeupe, mabati yanametameta, mlango wa baba nimeupaka mafuta ya nazi mpaka unajiona uso. Na mnunuzi alikuja.

Alikuwa mfanyabiashara kutoka Vanga, mtu mzima, kanzu safi, mwavuli mkononi. Aliuza nafaka na samaki wakavu, na alitaka duka njiani kwa ajili ya watu waendao mashamba ya miwa Ramisi. Alipiga hodi, tukaamkiana, tukaulizana habari za nyumbani, za safari, za mvua. Wakati huo ulikuwa mwanzo wa mvua za mwaka, mawingu yamekaa chini.

Alizipenda sana sehemu za mbele. "Hapa nitatoboa dirisha la duka. Hapa ghala. Taib, taib." Kisha akashika njia ya ukumbini. Nikamtangulia nikasimama kidogo mlangoni, nikamwambia huko ni uani tu, kuna wanawake. Akasema, "Bwana, nyumba hainunuliwi nusu uso." Akapita.

Aliona makuti. Alimwona dada amekaa na kazi yake, akamwamkia kwa adabu, dada naye akajitanda kanga akaitikia. Akarudi mbele uso umebadilika.

Tukaketi chumba cha mbele. Akasema, "Nyuma itabidi niezue niweke mabati. Hiyo ni gharama." Akateremsha bei. Nikapandisha. Akateremsha. Na mvua ikaanza.

Wasiowahi kukaa chini ya mabati mvua ya mwaka ikipiga hawajui ninachosema. Mwanzo ilikuwa kama mtu anamwaga kunde. Halafu kama magari. Nikamwona yule bwana anafungua mdomo na kuufunga, sisikii kitu. Nikasogeza kiti, tukawa magoti kwa magoti, tunapigiana kelele masikioni kama wagomvi.

"Nasema bei yangu ya mwisho!" akapiga kelele, akataja.

Ilikuwa bei ya kunifaa mimi. Mkokoteni ningeupata, na pesa za kubakia zingebakia. Lakini fungu moja katika matatu ya bei ile lisingepata nyumba, si Msambweni, si Diani, si popote. Hilo nililijua palepale.

"Na nyumba iwe tupu kabla ya Mfungo!" akaongeza. "Yule mama aliyeko nyuma! Ana pa kwenda?"

Sasa hapa ndipo wanapopaeleza vibaya. Wanasema nilimuuza dada yangu. Mimi nilikuwa kijana aliyebeba magunia tangu hajaota ndevu, na mbele yangu amekaa mtu na pesa zake. Nilijaza kifua pumzi nikapiga kelele kuushinda ule mshindo:

"Ataondoka! Dada yangu ataondoka! Nitamtafutia chumba kwa watu!"

Na mvua ikakatika. Ndiyo mvua ya pwani ilivyo, haitui kidogo kidogo, hukatwa kama kwa panga. Ilikatika nilipokuwa nimefika "ataondoka", na maneno yaliyobaki yalitoka katika kimya kitupu, nayapiga kwa sauti ya muadhini. Barazani wazee walikuwa wamejibanza ukutani kukwepa mvua, wote wamesikia. Njiani mtu na punda wake wamesikia. Nadhani na punda alisikia.

Pazia la ukumbini likafunguka. Dada akasimama na kuti lake mkononi, hajalimaliza.

"Chumba kwa watu gani?" akauliza.

Nikarudisha kiti changu nyuma.

"Nakuuliza wewe, mdogo wangu. Ulisema fungu langu litanitia ndani ya nyumba. Sasa ni chumba kwa watu. Watu hao wana majina?"

Jirani yetu mwenye ulimi akaingiza kichwa mlangoni. Nilimtegemea aseme neno la kucheka, tumalize hapo. Hakucheka. Akasema polepole, "Mwanangu, mama huyu ndiye aliyemuuguza baba yako. Hapo nyuma. Sisi tulikuwa tukimsikia."

Yule mfanyabiashara akaanza kukusanya mwavuli wake. "Jamani, mimi sikuja kuvunja udugu. Nitatafuta nyumba nyingine."

Nikaona pesa inainuka inakwenda zake. Nikasema, "Bwana, keti! Dada, na wewe tazama bei. Nyumba hii ni moja. Tutaikata kwa msumeno?"

Dada akatazama juu. Sote tukatazama juu, maana alitazama kwa muda. Kutoka pale ukumbini, chini ya mwamba, uliona mabati yanakomea na makuti yanaanza.

"Mimi sikuikata," akasema. "Wewe ndiye uliyepanda juu na nyundo ukaigawa, na Msambweni nzima ikikutazama. Hiyo ya mabati ndiyo uliyoisumbukia, ukailetea chokaa na lami. Iuze, fungu lako hilo. Haya makuti nimeyasuka mimi, na hapo nyuma ndipo nilipokuwa nikimlaza baba na kumwamsha. Nipe kipaa cha nyuma na ua wake, na minazi ya mama. Sitaki senti ya mbele."

Kutoka nje mzee mmoja akasema, "Mbele yenye njia mafungu mawili, nyuma moja. Mbona imekaa sawa?" Na mwingine, "Imekaa sawa kuliko ya kadhi."

Nikamtazama mfanyabiashara. Yeye alikuwa akitazama kwenye dirisha lake la duka ambalo bado halijatobolewa.

"Mimi nataka duka na ghala na pa kulala," akasema. "Wake zangu wako Vanga na hawatoki. Uani nitafanya nini?" Kisha akakumbuka. "Na choo? Choo ki uani."

"Utapita kando," dada akamwambia, "na utapiga hodi."

"Na nikibanwa?"

"Utapiga hodi ya haraka."

Hapo ndipo walipocheka, na mimi nikacheka, na nafuu iliyonishuka siwezi kuieleza. Bei ikateremka tena kidogo kwa vile nyumba imepungua, lakini yote ilikuwa yangu, bila kugawa, na dada akabaki na mlango. Wazee wa barazani wakawa mashahidi. Fundi yule yule akaja akajenga ukuta ukumbini, sawasawa chini ya mwamba, akanung'unika kuwa angejua angeujenga mapema. Dada akatobolewa mlango wake ubavuni, wa kuelekea uani, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.

Mkokoteni niliununua. Baadaye wa pili, kisha nikawakodishia wengine, kisha makaa, kisha nyumba yangu Mombasa, ya mabati mbele na nyuma, na hakuna aliyenisaidia kwa senti. Haya mengine nitawaeleza wanangu wakitaka kusikia. Ninachosema ni kwamba kipaa cha mbele kilikuwa fikra yangu. Lau ningaliwasikiliza hao, nikaezeka nyumba nzima kwa makuti, tungaliiuza nzima kwa bei ya mawe, na dada yangu angalikuwa anafua nguo za binamu. Wanaocheka wafikirie hilo.

Mwaka uliofuata nilikwenda kumzuru. Nilikuwa nimezoea kuingia nyumba ile kwa mlango wa baba bila kuuliza. Sasa mlango wa baba ulikuwa duka, kuna magunia ya mchele na mizani. Nikazunguka kando, nikapita pale chokaa yangu ilipoishia, nikafika kwenye mlango mdogo wa ubavuni, nikasimama.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi ana jina?"

"Dada, fungua, mvua inakuja."

Akaniacha kidogo pale nje. Nikasikia ufunguo.

Ndani palikuwa baridi, pananukia makuti mabichi. Alinikaribisha mkekani, akaniletea kahawa na kaimati, akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa na maagizo mengi. Mfanyabiashara naye alikuwa mmoja wa wateja wake, alitaka makuti ya kujengea kivuli mbele ya duka, maana chini ya mabati aliiva. Mchana, dada alisema, huja akapiga hodi akaomba kulala usingizi hapo uani, chini ya upenu wa makuti.

Mvua ikaja. Upande wa pili wa ukuta mabati yangu yakaanza ule mshindo, na tukamsikia yule bwana akimpigia mteja kelele: "Vibaba vingapi? Vingapi?" Huku kwetu ilikuwa kama mtu anapekua majani. Hakuna tone lililoingia, hata pale kwenye mwamba.

Dada akasema bila kuinua macho, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Siku ile, ulikuwa ukimwambia nini yule bwana, mvua ilipokatika?"

"Nilikuwa namtajia bei," nikasema.

"Bei tu?"

"Bei tu."

Akanitupia rundo la ukindu. "Haya, basi. Nichambulie."

Nikachambua.